Meno Aliyoyataka Baba

Jumapili ile padri alisoma tangazo letu la ndoa kwa mara ya pili, nami nilikuwa nimekaa benchi la tatu upande wa wanawake, kikapu magotini, na ndani ya kikapu mna meno ya mchumba wangu.

Usicheke. Si meno yenyewe. Meno yenyewe yalitupwa wiki kumi na moja kabla ya siku hiyo, kwenye ndoo ya zahanati ya meno ninakofanya kazi, na aliyekwenda kuimwaga ile ndoo ni mimi. Kikapuni mlikuwa na mfano wa plasta. Daktari Menezes, Mgoa mpole mwenye zahanati yake mjini, hang'oi jino la mtu kabla hajamng'atisha nta laini. Mimi hukoroga plasta na kuimimina juu ya ile alama, na ikikauka tunabaki na kinywa cheupe cha mgonjwa, jino kwa jino, tunakiweka rafuni na namba yake. Cha Albano kilikuwa namba mia mbili na kumi na nne. Jumamosi, Daktari, ambaye kutwa hakunisemesha nami sikujua kwa nini, alipoondoka akaniachia kufunga mlango, nilikichukua bila ruhusa nikakizungushia khanga.

"Albano Nandonde wa Temeke, na Auleria Leodegar wa Kinondoni," padri alisoma. "Mwenye kujua kizuizi chochote na aseme."

Baba yangu, Mzee Leodegar, karani mkuu katika ofisi moja ya serikali, alinyoosha tai yake akatazama huku na huku ili makarani wenzake wamwone. Mama akanifinya mkono kwa furaha. Kizuizi nilikijua, na sikusema.

Ngoja nianze nyuma kidogo, maana mtu asiyemjua Albano wa zamani hawezi kuelewa nililia nini.

Alikuja zahanati mwaka wa hamsini na tano, wiki ambayo Daktari alikuwa Zanzibar. Nilikuwa peke yangu, nachemsha koleo. Nikaona kijana mrefu mweusi ameegemea mlango, shavu limevimba, na kwapani kabana kitu kilichofungwa kwa kitambaa chekundu.

"Dada, nisaidie," alisema. "Jumamosi kuna dansi na fizi imenivimba."

"Kwani unacheza dansi kwa fizi?"

"Napiga tarumbeta."

"Fungua kinywa."

Akafungua. Meno yake manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yamechongwa, kila moja lina ncha yake. Nilikwisha kuwaona watu wa kusini wenye meno ya namna ile, lakini kwa mbali, njiani. Sikupata kuyaona karibu, meupe, mazima, yaliyotunzwa. Nilisahau kwamba nilikuwa natafuta uvimbe.

"Nani alikuchonga?"

"Babu yangu, kule kwetu Newala. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Padri wa misheni alipoyaona alikasirika siku tatu. Siku ya nne akanikabidhi tarumbeta la bendi ya misheni, akasema labda litanisaidia kufunga kinywa." Akanionyesha kwa kidole kipengo kati ya meno mawili ya mbele. "Hapa ndipo upepo unapopita. Mdomo unaketi hapa. Wenzangu wenye meno yaliyonyooka hawaifikii ile sauti yangu ya juu."

Nikamsukutuza kwa maji ya chumvi, nikampaka mafuta ya karafuu, kisha nikampa masharti. Asipulize siku tatu. Kidomo cha tarumbeta, kile cha kupulizia, akioshe kwa maji ya moto na sabuni kila akimaliza kupiga, kwa sababu uchafu wake ndio uliovimbisha ile fizi. Na kabla ya kupiga asinywe soda wala chai ya sukari, maana sukari inabaki kwenye meno na nyingine inashuka na mate mpaka ndani ya bomba.

"Bendi yetu nzima hunywa soda kabla ya dansi," alisema.

"Basi bendi yenu nzima nitaiona hapa."

Akacheka. Alicheka kinywa wazi, bila kuweka mkono mbele, kama mtu asiyejua kwamba kuna anayeweza kumkataa. Nilimpenda palepale. Wiki iliyofuata akarudi, na alipokaa kwenye kiti nikamwuliza panauma wapi. Akasema hapaumi popote.

Siku ya kwanza kumsikia ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa Temeke. Bendi yao iliitwa Nyota ya Kurasini, kwa kuwa wengi wao walifanya kazi huko bandarini, na Albano alikuwa karani wa bohari. Walipofika katikati ya wimbo wenzake wakashusha sauti, yeye akasimama peke yake, akanitazama, akapanda. Ile sauti ilikwenda juu ikakaa huko, nami nikawa nimeshika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Tangu hapo hakuna mwanamume mwingine aliyeniambia neno nikalisikia.

Mapema mwaka wa hamsini na sita nikampeleka nyumbani. Sisi ni watu wa Bukoba. Kwetu binti humsalimu baba yake kwa magoti, hata awe amesoma vipi, hata awe na mshahara wake. Nilipiga magoti nikasalimu, na Albano nyuma yangu akasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una kazi, kijana?"

"Ninayo, Mzee. Karani wa bohari, Kurasini."

"Mkristo?"

"Mkatoliki, Mzee. Nimelelewa misheni."

Baba aliridhika mpaka hapo. Kisha mama yangu Genoveva, katika kukaribisha chakula, akatoa mzaha juu ya ndizi zetu na watu wa pwani, Albano akacheka. Nikaona uso wa baba unafunga.

Mgeni alipoondoka baba aliniita.

"Auleria, kijana ni mzuri. Ana adabu, ana kalamu. Lakini sitasimama kanisani mbele ya wenzangu nikamkabidhi mwanangu kwa kinywa kile."

"Baba Auleria," mama alisema, "meno yana kosa gani?"

"Sikusema yana kosa. Nimesema yaondoke." Akanigeukia. "Wewe unafanya kazi wapi? Si kwa mtu anayewawekea watu meno mengine? Basi awekewe. Akija hapa na kinywa kilichonyooka, mlango uko wazi. Asipokuja nacho, usinitajie tena jina lake."

Baba yangu si mtu mbaya. Ni mwoga wa macho ya watu, na woga ule aliuvaa pamoja na tai.

Nilimpelekea Albano maneno yale huku nalia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ulimi wake ukipita polepole juu ya zile ncha.

"Yote manne?" aliuliza.

"Yote manne."

"Auleria, wewe ndiye unayekaa kwa daktari, mie sijui kitu. Nikiwekewa mengine, nitapiga?"

"Utapiga," nikasema. "Yape mwezi mmoja tu."

Nilisema kwa sauti ileile ninayowaambia wagonjwa kwamba sindano haiumi. Sikujua. Sikumwuliza Daktari, kwa sababu moyoni niliogopa atakavyojibu. Na siku ya kung'oa, nilipomwandikia Albano kadi, kwenye mstari wa Kazi niliandika: karani wa bohari. Hakuna ambaye angeweza kunishika kwa uongo.

Daktari Menezes aliyapima yale meno kwa kioo chake kidogo. "Mazima haya," alisema. "Mbona anayatoa?" Akatazama kadi. Nikajibu haraka kabla Albano hajajibu, "Anafunga ndoa, Daktari." Daktari akainua mabega, akavuta sindano.

Haya, turudi kwenye Jumapili yangu ya kikapu.

Wiki kumi na moja zilikuwa zimepita, si mwezi. Kila nikimwuliza Albano alinijibu, "Bado nayazoea." Lakini rafiki yangu aliyekwenda dansini aliniambia kwamba ile sehemu ya katikati sasa inapigwa na saksafoni, na Albano anakaa nyuma anapiga manyanga. Manyanga! Sikulala siku mbili. Ndipo nikakumbuka ule mfano rafuni. Nikawaza: kinywa chake cha zamani kipo, jino kwa jino, ncha kwa ncha. Daktari anaweza kumtengenezea meno ya bandia yenye umbo lilelile. Atayavaa anapopiga, na kwa baba atavaa yaliyonyooka. Niliona nimepata akili kubwa. Misa ilipokwisha nikamdanganya mama naenda kwa fundi wa nguo, nikapanda basi la Kariakoo, na kutoka huko jingine la Temeke.

Albano alipanga chumba kwa Bi Mwanaheri, Mzaramo mmoja mtu mzima mwenye maneno yake. Nilimkuta barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Mwenzio yumo ndani toka jana, chakula hataki." Akapuliza makapi kutoka kwenye ungo. "Mie nilikuwa mgomvi wake, unajua. Kila alasiri namwambia we Albano, makelele yako yatanitoa roho. Siku hizi kimya. Naona sasa kimya ndicho kinaniudhi."

Nilipita. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Albano alikuwa amekaa kitandani, amevaa suruali ya safari, na miguuni pake sanduku la bati lililofungwa kamba. Tarumbeta lilikuwa juu ya sanduku, ndani ya kitambaa chake chekundu.

"Unakwenda wapi?" nikauliza.

"Kaa, Auleria."

"Sikai. Sanduku la nini? Leo tumetangazwa mara ya pili, Albano!"

"Najua." Alifunika kinywa kwa kiganja alipokuwa anasema. Hilo nalo lilikuwa jipya. Tangu awekewe yale meno yaliyonyooka, mazuri, sawasawa, ambayo baba aliyasifu, Albano alikuwa amejifunza kuficha kinywa. "Ijumaa nilikwenda kwa daktari wako."

Ijumaa mimi na mama tulikuwa Kariakoo tunachagua kitambaa cha gauni. Nikakaa kwenye kigoda.

"Nilikwenda na hili," akagusa tarumbeta. "Nikamwambia, Daktari, nikipuliza, kibao kinachoshika haya meno kinanyanyuka. Upepo unatoka pembeni. Nikikaza, kinaning'ata fizi mpaka damu. Akashika kadi yangu akaisoma, akaniuliza, karani wa bohari anapuliza nini? Nikamwambia, mie mpiga tarumbeta, tangu nina miaka kumi na miwili. Auleria, yule mzee alikaa chini."

Nikakivuta kikapu magotini.

"Akaniambia, mtu anayepuliza jino lake la mbele haliguswi. Haling'olewi mpaka liwe limeoza kabisa, na hata likioza linatibiwa kwanza. Akasema, ningeliambiwa, nisingelitia koleo kinywani mwako kwa sababu ya harusi. Halafu akaniuliza kama aliyeandika kadi alijua kwamba napiga."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia sijui."

Hata hapo alinilinda! Machozi yakanitoka, nikayaacha yatoke. Nikafungua kikapu, nikakunjua khanga, nikamwekea ule mfano magotini.

"Tazama," nilisema. "Haya hapa, Albano. Ni yako. Daktari anaweza kuyatengeneza tena namna hii hii. Nitamwomba, nitampigia magoti kama ninavyompigia baba. Utapiga tena."

Aliyatazama, ncha kwa ncha. Kisha akafungua kitambaa chekundu, akachomoa kile kidomo cha tarumbeta, kisafi, kinang'aa, maana sharti langu la maji ya moto hakuwahi kuliacha hata siku moja. Akakisogeza kwenye yale meno ya plasta, taratibu. Kikaketi. Kilikaa pale katikati, penye kipengo, kana kwamba kilikuwa kinapatafuta. Albano akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mpenzi," nikasema. "Mpenzi wangu, tutafanya hivyo. Kesho tu."

"Daktari aliniambia hivyo hivyo," alisema alipoweza kusema. "Aliniambia mfano upo, anaweza kujaribu. Nianze upya kama mtoto, pumzi fupi fupi, labda mwaka, labda miwili. Labda. Jino lisilo na mzizi si jino, linaegemea tu. Lakini aliniambia jaribu."

"Basi! Si ndiyo hayo?"

Akainua macho. Sijapata kutazamwa vile. Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kwangu kama angekuwa nayo.

"Nilikuuliza, Auleria. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilikuamini. Ukaniambia nitapiga. Ulijua?"

"Sikujua."

"Basi ungesema hujui."

"Ungekataa kuyang'oa. Ningekukosa!"

"Nisingekataa." Sauti yake ilikuwa ndogo, na yale meno yalipiga filimbi kwenye kila neno. "Ningeyang'oa vilevile. Nilikuwa nakupenda kiasi hicho. Lakini ningekuwa nimechagua mie. Ningepiga mara ya mwisho nikijua kwamba ni mara ya mwisho. Ile Jumamosi niliyopiga kabla ya kung'oa, nilikuwa na haraka, nilitaka kuwahi basi nije kukuona. Sikumbuki hata nilipiga nini."

Huko nje Bi Mwanaheri alikuwa ameacha kuchambua mchele. Nilitamani anifukuze, anitukane, afanye lolote.

"Nisamehe," nikasema.

"Nimekusamehe toka Ijumaa." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Jana nimeaga kazini. Leo saa kumi kuna meli ya Lindi, narudi kwetu. Lakini sasa hivi ni saa saba. Twende Kinondoni, mie na wewe. Nitayavua haya, nitaingia kwa baba yako na mapengo yangu, na wewe umwambie mbele yangu kwamba mumeo atawekewa meno ya kuchongwa kama aliyokuwa nayo. Si ya kuvaa dansini na kuvua kwenu. Ya kuvaa siku zote, kanisani na harusini. Daktari amesema mdomo hauwezi kujifunza vinywa viwili. Ukimwambia hivyo, meli naiacha."

Kuna vitu ambavyo mtu angepaswa kuvijibu kabla havijamalizika kusemwa.

Nilimwona baba kanisani, tai yake imenyooka. Nilimwona akinitazama mimi niliyepiga magoti. Nilisikia, "Usinitajie tena jina lake." Nikawaza gauni. Nikawaza tangazo la tatu, Jumapili ijayo, na nani atalisikia. Nikafungua kinywa changu, chenye meno yote thelathini na mawili, na hakikutoka kitu.

Haikufika dakika. Naapa haikufika. Kisha nikasema, "Twende," nikainuka, nikamshika mkono.

Lakini Albano alikuwa amekwisha kuniona.

"Hapana," alisema kwa upole. "Kaa, mama. Usijitese."

"Nimesema twende! Nimesema!"

"Umesema. Nami nimekusikia ulipokuwa hujasema."

Akageukia ukutani, akatia vidole kinywani. Aliponigeukia tena midomo yake ilikuwa imeingia ndani, na uso umezeeka miaka kumi. Alikuwa ameshika kile kibao cha meno, kinang'aa mate. Akakifuta kwa leso yake, akaikunja leso juu yake mara mbili, akaniwekea kiganjani.

"Mpelekee baba," alisema, na sasa hakufunika kinywa. "Haya ndiyo aliyoyataka. Haya ya plasta nayachukua mie. Ndiyo yangu."

"Na tarumbeta?"

"La misheni hilo. Nalirudisha. Watampa mwenye meno."

Alijaribu kutabasamu alipolisema. Lilikuwa tabasamu lake lilelile la mlango wa zahanati, wazi, bila mkono, ila sasa mlikuwa na giza tupu katikati. Nikamkumbatia. Alinukia karafuu. Kumbe mpaka siku ile alikuwa anapaka yale mafuta niliyompa, kwenye fizi zilizochubuka. Nilimbana nikamwambia maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na yeye alinipapasa nywele kama mtu anayemtuliza mgeni aliyefiwa. Kisha akanibandua mikono, kidole kimoja kimoja, akajitwika sanduku, akatoka.

"Bibi, kwa heri," nilimsikia anamwambia Bi Mwanaheri. "Sasa utalala mchana."

"Nenda, baba," Bi Mwanaheri alijibu, nami nikasikia anaushika tena ungo wake.

Sijui nilikaa humo ndani muda gani. Nilipofika Kariakoo kusubiri basi la Kinondoni, honi ya meli ililia kutoka bandarini. Ililia mara moja, ndefu. Watu wote kituoni waliendelea na mazungumzo yao, na mimi nilishika nguzo.

Nyumbani walikuwa wamekwisha kula. Baba alikuwa mezani na gazeti lake, miwani puani, shati la Jumapili bado limemkaa vizuri. Mama alikuwa anafunika sahani yangu.

"Mchumba wako yuko wapi?" baba aliuliza bila kuinua macho. "Si tulisema leo aje tupange wasimamizi?"

Sikupiga magoti. Nadhani hilo ndilo lililomfanya ainue macho. Nilikwenda mpaka mezani, nikaweka ile leso juu ya gazeti, nikaikunjua.

"Huyu hapa, Baba."

Mama aliziba mdomo. Baba alivitazama vile vimeno vinne vilivyonyooka, juu ya kibao chake chekundu, akanitazama mimi, akavitazama tena.

"Nini hiki?"

"Ndicho ulichokitaka. Albano amebaki na vyake, ameondoka na meli ya saa kumi."

Kisha nikasema yote. Nilisema juu ya kadi na juu ya uongo wangu. Nilisema kwamba mwanamume yule alikuwa anapumua kupitia yale meno, na kwamba tulimng'olea pumzi yake ili wenzake baba wasitazame. Nilisema kwamba leo saa saba nilitakiwa kuyasema haya haya humu ndani, yeye akiwa kando yangu, nikaogopa kwa muda usiofika dakika moja. Nilisema kwa sauti kubwa, nimesimama wima, na maneno yote niliyokosa Temeke yalinijia pale moja baada ya jingine, hayana kazi tena.

Baba hakunikatiza. Alivua miwani, akaiweka kando ya yale meno. Nilingoja anifukuze. Lakini hakuinuka. Mwisho akayagusa kwa ncha ya kidole, kidogo sana, akaondoa mkono.

"Ameondoka hivihivi?" aliuliza. "Bila hata haya?"

"Bila hata haya."

"Sasa huko..." Baba yangu alinitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona anangoja jibu langu. "Sasa huko, mtoto wa watu, atakula na nini?"

Ningeweza kumwambia atazoea. Ningeweza kumwambia misheni kuna daktari, atapewa mengine, yape mwezi mmoja tu. Ile sauti ya zahanati ilikuwa tayari kooni.

"Sijui, Baba," nikasema.

Ndipo nilipolia, na mama akanipokea.